Korona ilipokuja, mshahara wako alikulipa nani?

(Haya niliyasema mbele ya vijana wenzangu kijiweni, Jumamosi moja jioni. Wapo walionipinga hadi giza likaingia. Nimeombwa niyaandike kama nilivyoyasema, nami nimeyaandika. Wewe ambaye hukuwepo, vuta benchi ukae.)

 

Leo sikuja na habari za mpira. Nimekuja na swali moja tu. Mwaka 2020 korona ilipoingia na kazi zikasimama, mshahara wako alikulipa nani?

Naona mnacheka. Kicheko hicho nakijua, ni cha mtu ambaye hakulipwa na yeyote. Basi ngoja nianze na yangu.

Machi 2020 nilikuwa kibarua wa jikoni kwenye hoteli moja ya kitalii huko ufukweni. Jina la hoteli naliweka kapuni. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi, kuparua samaki na kusugua masufuria. Mkataba sina, karatasi ya mshahara sina. Kila Jumamosi nasaini daftari, nalipwa mkononi, basi. Kazi ya namna hiyo unaijua, labda ndiyo uliyotoka kuifanya leo.

Hapa kwetu serikali haikufungia watu ndani. Shule zilifungwa, mikusanyiko ikapunguzwa, lakini soko lilikuwa wazi na daladala zilipakia. Wengine wakasema, aah, sisi tumepona. Lakini jamani, kuna biashara ambayo mlango wake uko nchi ya watu. Wazungu walipofungiwa kwao na ndege zikaacha kuruka, hoteli yetu ilijifunga yenyewe bila kuamriwa na mtu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Hesabu hiyo usiisome kama mwalimu wa darasani. Isome hivi: kila mtalii aliyekosekana, kuna mtu alikosa kufua shuka lake, kuna dereva alikosa kumbeba, kuna mvuvi alikosa kumuuzia pweza.

Meneja alituita uani, akatuambia kwa sauti ya upole kabisa: "Vijana, mambo yakitulia tutawapigia simu." Ndugu zangu, simu yangu naichaji tangu siku ile. Haijaita.

Sasa nina ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, yuko Uingereza. Msidhani ni tajiri. Anaosha vyombo kwenye hoteli, masufuria yale yale niliyokuwa nikiyasugua mimi. Machi 23, 2020 Waziri Mkuu wao wa wakati ule, Boris Johnson, aliwaambia watu wakae majumbani. Hoteli ya ndugu yangu nayo ikafungwa. Lakini siku tatu kabla ya hapo, Machi 20, Waziri wa Fedha Rishi Sunak alikuwa ametangaza kwamba mfanyakazi atakayepumzishwa asifukuzwe, serikali italipa asilimia 80 ya mshahara wake, mradi isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Kwa kiwango cha wakati ule hizo ni kama shilingi milioni 7 za kwetu.

Ndugu yangu hakupata milioni 7, maana mshahara wake ni mdogo. Alipata asilimia zake 80. Na mwezi Mei, aliyemtumia mama yangu pesa ya unga ni yeye. Kwa hiyo ukiniuliza mimi nani alinilipa mshahara wakati wa korona, jibu langu ni la aibu kidogo: alinilipa mlipa kodi wa Uingereza, kwa mkono wa muosha vyombo!

Hebu sasa tuulizane kitu cha maana. Mtu mmoja anasugua sufuria Dar es Salaam, mwingine anasugua sufuria Uingereza. Ugonjwa ni ule ule. Kwa nini mmoja alilala na mshahara na mwingine akalala na njaa? Wengi mtajibu haraka haraka: wenzetu wana pesa. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu. Tulia nikupe nusu ya pili.

Kwanza elewa mpango wenyewe ulifanyaje kazi. Serikali ya Uingereza haikumtafuta ndugu yangu mtaani. Ilimwambia mwajiri wake: wewe tayari unatuletea kodi ya mishahara kila mwezi, majina ya watu wako tunayo, mishahara yao tunaijua. Tuletee madai, tutakupa pesa, nawe uwape wao. Dirisha la madai lilifunguliwa Aprili 20, mwezi mmoja tu tangu kutangazwa. Mpaka mpango unafungwa Septemba 30, 2021, kazi milioni 11.7 zilikuwa zimepitia humo, na gharama ilifika kama pauni bilioni 70.

Umeona? Bomba la kupeleka pesa lilikuwa limeshachimbwa miaka mingi kabla, kwa kazi ya kukusanya kodi. Korona ilipokuja wakageuza mtiririko, maji yakarudi kwa mwananchi.

Wajerumani wao walikuwa na bomba la zamani zaidi. Kwao kuna utaratibu unaoitwa Kurzarbeit, yaani kazi ya saa pungufu. Kiwanda kikikosa wateja hakifukuzi watu, kinawapunguzia saa, na mfuko wa bima ya ajira unafidia sehemu ya mshahara uliopotea: asilimia 60, au 67 kwa mwenye mtoto. Uchumi wa dunia ulipoyumba mwaka 2009, kama watu milioni 1.5 waliishi kwa utaratibu huo. Aprili 2020 walifika karibu milioni 6. Na wakati wa korona, waliokaa humo muda mrefu waliongezewa fungu, hadi asilimia 80 au 87.

Sasa kuna bwana hapa aliniuliza: lakini hiyo si kulea wavivu? Unamlipa mtu amelala, uchumi utapona vipi?

Swali zuri. Nitalijibu kwa hoteli yangu. Mambo yalipotulia na watalii wakaanza kurudi, ile hoteli ilifungua mlango. Nani alikuwepo? Mpishi mkuu alikuwa amerudi kwao Tanga, anauza samaki. Mhudumu aliyejua Kifaransa alikuwa ameoa Morogoro na kufungua genge. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika andika habari za magazeti, nalipwa kwa habari inayotoka. Kumbe mwenye hoteli alibaki na kuta na vitanda, watu hana! Ikabidi aanze kufundisha wapya, na huko nyuma wageni wanalalamika supu ina chumvi.

Ndugu yangu wa Uingereza je? Migahawa ya kule iliporuhusiwa kufunguliwa Julai 4, 2020, alipigiwa simu. Asubuhi yuko kwenye sinki lake, anajua kisu kiko droo gani. Hiyo ndiyo siri ya mipango hii, wala haihitaji digrii kuielewa. Mfanyakazi na mwajiri ni kama nyavu na mashua. Ukizitenganisha wakati wa dhoruba, bahari ikitulia utapoteza msimu mzima ukitafuta nyavu nyingine.

Na jambo la pili: mtu mwenye mshahara hata wa asilimia 80 anaendelea kununua mkate na kulipa kodi ya nyumba. Muuza mkate naye anaendelea kuishi. Mtu asiye na kitu ananunua kwa mkopo, mwisho wake duka la mtaa nalo linakufa.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2020 uchumi wa Uingereza ulianguka kwa kama asilimia 10, anguko ambalo hawakuwahi kuliona kwa karne nyingi. Wataalamu wa bajeti wa kule walihofia wasio na kazi wangefika asilimia 10. Hawakufika huko. Waliishia kwenye asilimia 5 na kidogo.

Wamarekani walichagua njia nyingine. Kwa sheria iliyosainiwa Machi 27, 2020, waliacha wengi wapoteze kazi, kisha wakamwongezea kila asiye na kazi dola 600 kwa wiki juu ya malipo yake ya kawaida, na wakati huo huo wakawapa wenye biashara ndogo mikopo inayosameheka ili walipe mishahara. Wasio na kazi waliruka kutoka asilimia 3.5 mwezi Februari hadi 14.7 mwezi Aprili. Lakini nisiwadanganye: nao walirudi. Kufikia katikati ya mwaka 2022 walikuwa tena kwenye asilimia 3.5. Kwa hiyo njia zipo zaidi ya moja. Kinachofanana ni kwamba pesa ilifika mfukoni mwa mtu.

Na tusipambe mno vya wenzetu. Ile mikopo ya Marekani ilifika kama dola bilioni 800, na wachunguzi wa uchumi walipopiga hesabu waliona kwamba kati ya robo na theluthi tu ndiyo iliyowaendea wafanyakazi ambao kweli wangepoteza kazi. Kilichobaki kiliishia zaidi kwa wenye mali. Uingereza nako kuna matajiri waliodai pesa za watu ambao walikuwa wanaendelea kufanya kazi. Na watu wanaokadiriwa kukaribia milioni 3, wengi wao waliojiajiri karibuni au wenye mapato ya vipande vipande, walikosa msaada kamili. Kisha bei za vitu zikapanda, ingawa vita vya Ukraine na bei ya gesi vilichangia sana. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1. Hakuna chakula cha bure, hata kwa Mzungu.

Turudi Afrika sasa, maana huko ndiko kwetu.

Afrika Kusini walifungia watu ndani tangu usiku wa Machi 26, 2020. Aprili 21 Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kifurushi cha randi bilioni 500, na humo bilioni 40 zilikuwa za kulinda mishahara kupitia mfuko wa bima ya wasio na kazi. Zililipwa, na waliookoka ni wengi. Lakini mkaguzi mkuu wa hesabu alipofungua vitabu, alikuta marehemu wamelipwa! Wafungwa wamelipwa! Hata watumishi wa serikali wenye mishahara yao wamo. Na yule kijana asiye na ajira wala mkataba? Yeye alitengewa randi 350 kwa mwezi. Ni ndogo, lakini angalau jina lake lilitafutwa.

Kenya, Machi 25, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 za kwao hatakatwa kodi ya mapato, na kodi ya ongezeko la thamani ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Wenye ajira wakapumua. Lakini msamaha wa kodi unamsaidia nini mtu ambaye hana mshahara wa kukatwa? Hapo ndipo ikaja Kazi Mtaani, vijana wa mitaa duni wakafagia na kuzibua mitaro. Awamu ya pili, kuanzia Julai 2020, ilichukua vijana zaidi ya 270,000 nchi nzima kwa shilingi 455 kwa siku. Wapo waliolalamika malipo yamechelewa na majina yamepangwa kwa kujuana. Hata hivyo kijana wa Kibera alipata unga.

Hapa, ndugu zangu, ndipo yule fundi viatu aliposimama akasema: "Mwandishi, wewe unatupigia hadithi. Uingereza kila mtu yuko kwenye vitabu. Sisi ni wamachinga, ni mafundi, ni deiwaka, ni mamantilie. Nani atatujua?"

Nikamwambia: mzee wangu, hapo umegusa mzizi. Shirika la Kazi Duniani lilipiga hesabu mwaka 2018 likaona zaidi ya watu 85 katika kila 100 wenye kazi barani Afrika wako kwenye sekta isiyo rasmi. Ukileta mpango wa Uingereza hapa kama ulivyo, utawalipa watu wa ofisini na kuwaruka wengine wote. Lakini nitajie nchi moja, nchi maskini kuliko hata sisi: Togo.

Togo, Aprili 8, 2020, walianzisha mpango unaoitwa Novissi. Hawakuwa na orodha ya wamachinga. Walikuwa na kitu kimoja: daftari la wapiga kura, kwa sababu walikuwa wametoka kufanya uchaguzi wa rais Februari mwaka huo huo. Na kwenye daftari hilo kila mtu alikuwa amesema kazi yake ni nini na anakaa wapi. Basi kijana wa bodaboda au mama muuza samaki alibonyeza namba kwenye simu, hata ile ya tochi, akaingiza namba ya kadi ya kura. Mashine ikamtambua: huyu ni fundi cherehani, anaishi Lomé, mji umefungwa. Pesa ikaingia kwenye simu. Hakuna foleni wala fomu, na hakuna kumbembeleza mjumbe. Katika mji mkuu wa Lomé mwanaume alipata faranga 10,500 kwa mwezi na mwanamke 12,250, kwa kuwa waliona mama ndiye anayelisha nyumba. Zaidi ya watu laki tano walilipwa.

Faranga hizo hazimtajirishi mtu. Zilikuwa kama theluthi ya mshahara wa chini wa kwao wa wakati ule. Lakini ziliwafikia watu kama wewe, na ziliwafikia upesi.

Haya, jiulize sasa: sisi tulikosa nini? Pesa za simu tunazo, hadi bibi kijijini anazo. Laini za simu tumesajiliwa kwa alama za vidole, na tulitishiwa kuzimiwa Januari 2020, miezi miwili tu kabla ya korona. Vitambulisho vya taifa tumepangia foleni. Daftari la wapiga kura tunalo. Na usisahau kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichoanza Desemba 2018. Ulikilipia Sh 20,000. Ukaambiwa sasa umetambuliwa.

Umetambuliwa kwa lipi? Njia ya kuchukua elfu ishirini yako ilipatikana mara moja. Korona ilipokuja, njia ya kukurudishia hata elfu tano mbona haikupatikana? Bomba letu linavuta tu, halijui kurudisha!

Na sisemi serikali haikupata pesa. Oktoba 2021 ilitangazwa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, za kukabili athari za UVIKO-19. Zilijenga madarasa 15,000, na miradi ya maji na afya ikapata sehemu yake. Darasa ni kitu kizuri, mdogo wangu anasoma, siwezi kulitukana darasa. Na jengo lina vibarua wake, nao walipata chochote. Lakini mwezi ule ule wa Oktoba, machinga wa Dar es Salaam walikuwa wanahesabiwa siku za kuondoka kandokando ya barabara. Yaani mwaka ambao wenzetu wanamshika mkono mtu mdogo ili asimame tena, mtu wetu mdogo aliambiwa hamisha meza yako.

Mkopo ule utalipwa na nani? Na wewe. Kila ukinunua vocha, sabuni, soda, unalipa. Kwa hiyo usione haya kuuliza fungu lako liko wapi. Anayeuliza habari ya pesa atakayoilipa mwenyewe si ombaomba.

Namalizia, maana naona mwenye benchi anataka kufunga.

Ugonjwa mwingine utakuja. Au mafuriko, au vita vya mbali vitakavyofunga bahari na anga. Hatujui lini. Tunachojua ni kwamba siku hiyo pesa itapita kwenye mabomba yatakayokuwepo siku hiyo, na bomba halichimbwi wakati nyumba inaungua.

Basi fanya haya. Kama una mwajiri, hata wa saidia fundi, dai karatasi. Karatasi moja yenye jina lako na malipo yako ina thamani kuliko ahadi kumi za "tutawapigia simu". Kama anakukata pesa ya mfuko wa hifadhi, nenda kwenye mfuko ukaangalie kama inafika. Kama umejiajiri, jiandikishe kwenye chama cha wenzako wa kazi, mjulikane kwa idadi na kwa majina. Na akija mtu yeyote kukuomba kura, awe wa rangi yoyote, usimuulize fulana. Muulize: ile orodha uliyonitozea elfu ishirini, siku ya shida itanilipa shilingi ngapi, kwa siku ngapi, na kwa simu ipi? Akianza kukohoa, umeshajibiwa.

Mimi bado naichaji simu yangu. Si kwa kumngojea meneja, huyo nimeshamsamehe. Ndugu yangu bado anaosha vyombo kule Uingereza, na mama bado anamwombea dua. Nami naomba siku moja mama asilazimike kutegemea kodi ya watu wa nchi nyingine, wakati mwanawe yuko hapa hapa, ana mikono miwili, na kodi analipa.

 Fundi viatu, kama bado unapinga, njoo tena Jumamosi.